KIBO imegeuka vimistari kwenye Commodore 64

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Moshi, nina kompyuta ya zamani, Commodore 64, aliyoniachia baba na bado inawaka. Nimepanga namba 75, 73, 66 na 79 zitoe neno KIBO. Nikitumia PRINT CHR$, amri ya BASIC inayoandika herufi kwa namba yake, neno linatoka safi. Nikiziweka kwenye skrini kwa POKE, amri ya kuweka namba kwenye kumbukumbu, kuanzia anwani 1024 inapoanza kumbukumbu ya skrini, napata vipinde na vimistari. Je, chipu ya picha imekufa?

JIBU: Marahaba. Chipu ni nzima, wala usimpelekee mtu aifungue. Atakula hela yako bure.

Mashine hiyo ya 1982 ina majedwali mawili ya namba. CHR$ hufuata PETSCII, mpangilio wa Commodore wenyewe, ambamo A ni 65 na Z ni 90. PRINT ikipokea herufi hiyo huitafsiri kwanza, ndipo huiandika kwenye skrini. POKE haitafsiri chochote. Inatumbukiza namba moja kwa moja kwenye kumbukumbu, na chipu ya picha inaichukua kama namba ya umbo. Huko A ni 1, B ni 2, K ni 11. Umbo la 65 ni shupaza ya karata! Namba 66 ni mstari wa wima, na 73 na 75 ni vile vipinde ulivyoviona.

Kwa hiyo toa 64 kabla ya POKE:

5 PRINT CHR$(147)
10 FOR I=0 TO 3
20 READ N
30 IF N>63 THEN N=N-64
40 POKE 1024+I,N
50 POKE 55296+I,1
60 NEXT I
70 DATA 75,73,66,79

Usiuruke mstari wa 30. Nafasi tupu ni 32, na tarakimu 0 hadi 9 ni 48 hadi 57. Hizo zinafanana kwenye majedwali yote mawili. Ukitoa 64 kila mahali, siku utakayoandika KIBO NA MAWENZI nafasi ya kwanza tu itageuka -32 na mashine itagoma: ?ILLEGAL QUANTITY ERROR. Mstari wa 50 unapaka herufi rangi nyeupe, maana rangi zina kumbukumbu yake kuanzia 55296. Na 147 ya mwanzoni si herufi hata kidogo, ni amri ya kufuta skrini.

Kwa maneno ya kawaida mimi ningebaki na CHR$. POKE iache kwa michezo, pale unapotaka kitu kikae mahali fulani hasa bila kuhamisha kishale cha kuandikia.

Ukitaka "Kibo" yenye herufi ndogo, anza na PRINT CHR$(14). Hapo 65 hadi 90 zinakuwa herufi ndogo, na kubwa zinahamia 193 hadi 218, hivyo K yako inakuwa 203:

PRINT CHR$(203);CHR$(73);CHR$(66);CHR$(79)

Kurudi hali ya mwanzo ni PRINT CHR$(142).