Ramani ya gemu ielekeze kama wenyeji wa Sinza
Kwa miaka miwili sasa, jioni nikitoka kazini, natengeneza gemu ndogo ya simu: mashujaa, majini na panga. Mapigano hayakunisumbua kama ramani na menyu.

Ramani ya kwanza niliijaza aikoni za maduka, mapango na hazina, pamoja na mshale wa kuonyesha pa kwenda. Nikampa mpwa wangu acheze. Aliufuata mshale nusu saa nzima. Nilipouondoa akakwama, hata kijiji alichoanzia hakujua kiko upande gani.

Nikakumbuka tunavyoelekezana hapa Dar. Ni nadra kutajiwa namba ya nyumba. Utaambiwa ushuke Sinza Makaburini, au Buguruni Sheli, au Magomeni Mapipa, kisha ufuate ukuta wa bluu hadi duka la kona. Jina la kituo limebeba kitu, ndiyo maana halisahauliki. Basi nikafuta zaidi ya nusu ya aikoni, nikaweka Mbuyu wa Majini, Kisima Kikavu na Daraja Bovu. Na kila kimoja nikakichora kionekane kwa mbali kabla mchezaji hajafungua ramani. Hapo usifanye uvivu, maana jina lisiloonekana kwenye mandhari halimsaidii mtu.

Gemu kubwa nazo zimelijaribu hili. Morrowind ya 2002 ilielekeza kwa maneno: wenyeji wanakueleza njia, maelezo yanabaki kwenye shajara yako. Skyrim ya 2011 ikaweka alama kwenye dira juu ya skrini. Ni rahisi, ila macho huhamia kwenye dira. Mimi naipenda zaidi Breath of the Wild ya 2017. Ukipanda mnara, ramani ya eneo inafunguka, lakini mahali palipokuvutia unaweza kupabandika alama mwenyewe. Mpe mchezaji wako alama hizo.

Kwenye menyu, hesabu miguso. Kunywa dawa katikati ya vita kwangu kulihitaji miguso 5. Sasa ni 2, na kitufe kiko karibu na dole gumba. Jaribu pia juani, mwanga wa simu ukiwa umepunguzwa kuokoa chaji. Kwenye daladala ya mchana, maandishi yangu ya kijivu hayakusomeka kabisa.

Na uandike Kiswahili tangu siku ya kwanza. Mimi nilianza na Kiingereza, vitufe vikatosha neno la herufi 4 kama “Save”. “Hifadhi” ina 7. Nilichora vitufe vyote upya.