Barua kwa Mwanangu: Je, Kura ya Wanawake Ilidaiwa na Matajiri Peke Yao?

Mwanangu mpendwa,

Nimeupata ujumbe wako, na nimefurahi kusikia kwamba masomo yanaendelea vizuri. Umeniuliza kama ni kweli, jinsi alivyodai mwenzako darasani, kwamba wanawake wa Uingereza waliopigania haki ya kupiga kura mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa mabibi matajiri wasiokuwa na shughuli nyingine. Mwenzako hakutunga uongo, lakini ameacha sehemu kubwa ya habari yenyewe.

Ilibidi aanzie Lancashire, jimbo la kaskazini mwa Uingereza, kwenye viwanda vya pamba. Mwaka 1901, kabla Emmeline Pankhurst hajaanzisha chama chake cha kudai kura mjini Manchester mwaka 1903, wanawake wa viwanda hivyo walikuwa wamekwisha kupeleka Bungeni ombi la kudai kura lenye sahihi zaidi ya 29,000. Annie Kenney alitoka huko huko. Aliingizwa kiwandani akiwa na umri wa miaka 10, nusu ya siku kazini na nusu shuleni, na mashine ya kusokotea nyuzi ikamkata kidole. Huyo ndiye aliyesimama pamoja na Christabel Pankhurst, binti wa Emmeline, kwenye mkutano wa hadhara mjini Manchester, Oktoba 1905, kumuuliza mwanasiasa Edward Grey kama chama chake cha Liberal kikishika serikali kitawapa wanawake kura. Grey hakujibu. Wakaburutwa nje, wakashtakiwa, na kwa kuwa walikataa kulipa faini, wakafungwa.

Ni kweli pia kwamba matajiri walikuwamo, na wengine wao nawaheshimu sana. Nataka umsome hasa Constance Lytton, ambaye baba yake aliwahi kuitawala India kwa niaba ya Malkia. Mwaka 1909 alifungwa Newcastle, akagoma kula kama wenzake, lakini madaktari wakampima moyo, wakauona dhaifu, na wakamwachia haraka. Wafungwa wenzake wasiokuwa na jina kubwa walikuwa wakilishwa kwa nguvu. Constance alishuku kwamba kilichomwokoa ni ukoo wake wala si ugonjwa. Basi akakata nywele, akavaa miwani na nguo za bei rahisi, akajiita Jane Warton, mshonaji, na Januari 1910 akakamatwa Liverpool. Safari hii hakuna aliyejali kumpima moyo kabla ya kumlisha. Walimkandamiza, wakamtanua taya kwa chuma, wakamsukumia mpira kooni hadi tumboni na kumimina chakula, na alipotapika, daktari alimpiga kofi shavuni. Alifanyiwa hivyo mara nane kabla hajajulikana kuwa ni nani. Mwaka 1912 alipatwa na kiharusi, na kumbukumbu zake za gerezani akaziandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umepooza. Kila nikimkumbuka hupandwa na hasira, kwa sababu moyo ule ule uliohurumiwa Newcastle ulipuuzwa Liverpool mara tu ulipodhaniwa kuwa wa fukara.

Ubaguzi huo haukuwa wa magereza tu. Ulikuwamo ndani ya harakati zenyewe, na hapo mwenzako ana hoja. Sylvia Pankhurst, mtoto wa Emmeline, alikuwa akiwaandaa wanawake maskini wa mashariki mwa London na kushirikiana na vyama vya wafanyakazi, na mapema mwaka 1914 dada yake Christabel alimtaka aondoke chamani yeye na kundi lake. Nadhani huo ulikuwa uamuzi mbaya kuliko yote waliyoyafanya.

Sheria nayo ikafuata njia hiyo. Ile ya Februari 1918 iliwapa kura wanawake wapatao milioni 8.4, lakini wawe wametimiza miaka 30 na, isipokuwa wahitimu wa vyuo vikuu, wawe na nyumba au mali ya kiasi fulani, wao au waume zao. Mwanamume alitosha kuwa na miaka 21. Wanasiasa walihofia kwamba, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuua wanaume wengi, wanawake wangekuwa wengi kuliko wao kwenye orodha ya wapiga kura. Hivyo msichana wa miaka 22 aliyejaza baruti kwenye makombora wakati wa vita alibaki nje. (Mchujo wa namna hiyo ulifika hata kwetu: Kenya iliwapa kura wanawake wa Kizungu mwaka 1919, huku Mwafrika, awe mume au mke, akiwa hana kabisa.)

Usawa wa umri wa miaka 21 ulipatikana Julai 1928, wiki chache baada ya Emmeline Pankhurst kufariki. Kwa hiyo tarehe ya ushindi unayofundishwa, 1918, ilikuwa ushindi wa wenye nyumba kwanza. Wafanyakazi wengi wa viwandani, ambao wenzao walikuwa wamepeleka ombi lao Bungeni tangu 1901, walingoja miaka 10 zaidi.

Wasalimie wenzako wote.

Ni mimi mama yako