Mtoto haitiki akiitwa, tumpeleke MRI?

SWALI: Asalaam aleikum dokta. Kijana wangu ana miaka 4, maneno hana na ukimwita jina hageuki. Shemeji kaona kwa simu eti siku hizi akili unde inasoma picha ya ubongo inajua kama mtoto ana usonji, pengine wanasema asilimia 70 pengine 90 na kitu. Babake ashaanza kutafuta pesa twende Mombasa kupiga MRI, ile mashine ya picha za ubongo. Twende? – Mama mtu, Shella, Malindi.

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Kwa ajili ya usonji peke yake, hapana. Usonji mpaka leo unajulikana kwa kumtazama mtoto anavyocheza na anavyowasiliana, na kuwahoji nyinyi wazazi. Daktari akiagiza MRI kwa sababu ya kifafa, hilo jambo jengine.

Sasa hizo asilimia. Watafiti wengi wanatumia data moja ya picha za ubongo inaitwa ABIDE, ilifunguliwa 2012, watu 1,112 wa vituo 17 vya Marekani na Ulaya, wenye usonji 539. Afrika hatumo, na wa miaka 4 kama wako hayumo pia. Na ukisema tu "wote hawana usonji" ushapata asilimia 51 bila kompyuta yoyote, kwa hivyo 70 si kubwa vile.

Halafu picha haziingii mbichi, zachambuliwa kwanza kama mchele, na kila mtu na ungo wake. Data hiyo hiyo ilishasafishwa kwa programu 4 tofauti, na kila moja unachagua uondoe wastani wa ishara za ubongo wote ama uuache, ukigeuza hapo tu na majibu yaweza kugeuka. Mimi kinachonisumbua zaidi ni kichwa kutikisika, manake mtoto akisogea hata chini ya milimita moja mawasiliano baina ya sehemu za ubongo yanaonekana ya uongo, na watoto wenye usonji mara nyingi hawatulii ndani ya ile mashine, basi kompyuta yaweza kuwa imejifunza nani anatikisika ikasema imejua usonji! Ukitupa picha zilizotikisika nazo, umewatupa haohao wanaohitaji msaada zaidi. Wengine wanachagua alama za ubongo za kompyuta kutazama kwa kutumia data yote, kabla ya kutenga ile ya kuipa kompyuta mtihani, huko ni kuuona mtihani mapema, na hizo 90 zikiwa za watu wachache ziulizie hapo.

Pesa za babake mzianzie kwa kupima masikio, asiyegeuka akiitwa huenda hasikii. Kisha muone daktari wa watoto hospitali ya kaunti na muulizie mtaalamu wa matamshi, huyo hata kabla ya majibu yote aweza kuanza naye.