Nilikula chokoleti kama dawa

Daktari aliponiambia kolesteroli yangu mbaya imepanda, nilitoka pale na wazo moja tu: si wanasema chokoleti nyeusi ni nzuri kwa moyo? Jioni hiyohiyo nikala nusu ya pande zima. Miezi minne baadaye kolesteroli ilikuwa palepale, na mizani imeongezeka kilo tatu.

Kakao yenyewe haina hila. Ina flavanoli, yaani kemikali za asili za mmea ambazo husaidia mishipa ya damu kulegea, na majaribio yameonyesha presha ikishuka kidogo, kama milimita 2 hivi kwenye kipimo cha presha. Lakini ule utafiti mkubwa wa Marekani uitwao COSMOS, uliotoka mwaka 2022 ukiwa na wazee zaidi ya 21,000, uliwapa watu vidonge vyenye miligramu 500 za flavanoli kila siku. Vidonge, si pande la chokoleti lenye sukari! Hata hivyo, jumla ya matukio ya moyo na mishipa haikupungua kiasi cha kutosha kuthibitisha kitu, ingawa vifo vya moyo na mishipa vilikuwa vichache. Isitoshe, ile asilimia 70 iliyoandikwa kwenye karatasi ya chokoleti inakuambia kiasi cha kakao tu. Kakao ikisindikwa kwa alkali ili uchungu upungue, flavanoli nyingi hupotea.

Kwa lozi na kokwa za aina yake, habari ni nyingine. Huko Uhispania, utafiti wa PREDIMED uliwapa watu walio hatarini gramu 30 kwa siku za mchanganyiko wa walnuti, lozi na hazelnuti, pamoja na mlo wenye mboga, samaki na mafuta ya zeituni. Kwa jumla, mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa karibu asilimia 30 ukilinganisha na walioshauriwa kupunguza mafuta. Dosari za kuwapanga washiriki kwenye makundi ziliwalazimu watafiti kuchapisha upya mwaka 2018. Matokeo yakabaki karibu yaleyale.

Kosa langu lilikuwa kuongeza badala ya kubadilisha. Sasa konzi moja ya lozi zisizo na chumvi imechukua nafasi ya biskuti za saa kumi. (Mwenye mzio wa lozi au karanga asinifuate hapa.) Dawa zangu za presha naendelea nazo kama kawaida. Chokoleti ni vipande viwili, Ijumaa, kwa sababu naipenda. Inakaa juu ya kabati, mahali ambapo lazima nipande kiti.