Kwa mnaoanza kupanga mabondia bora wa uzito wote

Nimesoma orodha mlizoleta, zote, mpaka majina ya mkiani. Bidii naiona, na mapenzi ya ngumi nayaona. Lakini makosa ni yaleyale ya waliowatangulia. Kijana anafungua rekodi, anakuta sifuri kwenye safu ya kushindwa, moyo unamdunda, jina linapanda hadi nafasi ya tatu. Hajatazama hata raundi moja. Mwenzake aliyepoteza mara nne, tena kwa watu wa maana, anaachwa nje ya kumi bora.

Orodha ya paundi kwa paundi inajibu swali moja: ukiweka kando ukubwa wa mwili, nani kafanya makubwa kuliko wenzake, kamfanyia nani, na kwa ustadi gani? Mkilishika hilo, nusu ya kazi imekwisha. Nusu iliyobaki ndiyo hii.

1. Acheni kumpunguza Usyk. Kila anayeanza huniuliza: Oleksandr Usyk angekuwa na kilo 55, angempiga Naoya Inoue? Swali tamu la barazani, lakini haliwezi kupanga orodha, kwa sababu huyo Usyk wa kilo 55 hajawahi kupanda ulingoni na hana ushahidi wowote. Tulio nao ni Usyk mwenyewe, aliyekusanya mikanda yote minne mikubwa (WBA, WBC, IBF na WBO) ya cruiser, daraja lililo chini ya uzito wa juu, mwaka 2018 alipomshinda Murat Gassiev kule Moscow, kisha akapanda uzito wa juu, na Mei 2024 akamshinda Tyson Fury, mtu wa sentimita 206 aliyemzidi kwa zaidi ya kilo 15, akabeba mikanda yote huko pia. Inoue naye tunaye. Alikusanya minne ya bantam Desemba 2022, na mwaka mmoja baadaye akamsimamisha Marlon Tapales na kukamilisha minne ya super bantam. Wekeni kazi hizi mbili ubavu kwa ubavu: wapinzani walikuwa nani, walikuwa kwenye kiwango gani siku hiyo, walifungwaje. Hapo mtabishana kwa saa nzima, na kila dakika ya ubishi huo itakuwa na maana.

Terence Crawford ni mfano mzuri zaidi. Alikuwa na mikanda yote ya super light mwaka 2017, akaichukua ya welter Julai 2023 kwa kumvunja Errol Spence katika raundi tisa, kisha Septemba 2025 akaruka kutoka kilo 69.9 hadi 76.2 na kumshinda Saúl Álvarez kwa pointi. Ni mwanamume wa kwanza kukusanya mikanda yote katika madaraja matatu tangu mikanda ilipokuwa minne. Hatukuhitaji kumkuza wala kumpunguza katika mawazo. Alipanda mwenyewe.

2. Tazameni watu wadogo, na muwatazame usiku wao wenyewe, si kwa vipande vya nokauti. Ricardo López alistaafu na ushindi 51 na sare moja bila kupoteza, muda mwingi akipigania kilo 47.6, na bado nakuta orodha za miaka ya tisini zisizo na jina lake. Hilo linanikera, kwa sababu msemo wenyewe wa paundi kwa paundi ulishika mizizi ili bondia mwepesi apate haki yake wakati macho yote yako kwa wazito. Román González wa Nikaragua alifika namba moja kwenye orodha nyingi baada ya Floyd Mayweather kuondoka mwaka 2015, na kuna waliokuwa wakitoa maoni juu yake kila wiki bila kulijua konde lake hata moja. Wakashtuka Srisaket Sor Rungvisai alipomshinda Machi 2017. Aliyekuwa akimtazama González tangu apande hadi uzito wa super fly alishaona kwamba makonde yaliyowaangusha watu chini huko yalikuwa yanapokelewa huku juu.

3. Rekodi. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo fani yetu ilipojeruhiwa, na nyinyi mnakwenda kukanyaga palepale.

Tuanze na Machi 1988, karibu na Paris. Pernell Whitaker, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya 1984, hajapoteza, anapigana na José Luis Ramírez kuwania mkanda wa uzito mwepesi. Kwa raundi 12 Ramírez anasonga mbele na kupiga hewa. Whitaker anainama, anageuka, anatoa mkono wa kulia wa mbele, anaondoka, anarudi. Majaji wakagawanyika, na wawili wakampa Ramírez. Wengi waliokuwa wakitazama hawakuamini walichosikia. Kwenye karatasi iliandikwa neno moja, kashindwa, na neno hilo lipo hadi leo.

Sasa njooni Septemba 1993, San Antonio. Julio César Chávez anaingia na ushindi 87, hakuna aliyewahi kumshinda, uwanja umejaa watu wake. Whitaker anashikilia mkanda wa WBC wa welter. Raundi za mwanzo zina ushindani. Kisha, kuanzia katikati, kinatokea kitu ambacho kila anayetaka kupanga orodha anapaswa kukitazama mara nyingi: Whitaker haendi mbali tena. Anasimama karibu na Chávez, mahali ambapo Chávez alikuwa amewavunja wanaume mbavu kwa miaka 13, na anamshinda hapohapo. Anamtangulia, anamgusa mwilini, anazuia, anamgeuza. Chávez anaanza kusita, na Chávez hakuwa mtu wa kusita. Mwisho jaji mmoja anampa Whitaker 115 kwa 113, wawili wanaandika 115 kwa 115. Sare.

Uamuzi mbaya wa majaji ni jambo la zamani katika ngumi. Kinachoniuma ni kilichofuata upande wetu, sisi wapangaji. Wengi wetu tuliliona pambano lile kwa macho, lakini kalamu zetu zikaendelea kuandika "hajawahi kushindwa" kila jina la Chávez lilipotajwa, kwa sababu ndivyo rekodi ilivyosema na kuandika rekodi ni rahisi kuliko kutetea ulichokiona. Tukairithisha sentensi hiyo. Frankie Randall alipomwangusha Chávez na kumshinda Januari 1994, ikapokelewa kama ajali ya ghafla, wakati mtu aliyetazama San Antonio kwa makini alikuwa ameshaona miguu ya Chávez inachelewa. Tungeandika tulichokiona, wasomaji wetu wangejua miezi minne kabla. Hilo ndilo deni letu kwao, na hatukulilipa.

Na leo, zaidi ya miaka 30 baadaye, mmoja wenu ameniandikia hivi: "Whitaker ana kushindwa nne na sare moja, na hakuweza kumfunga Chávez." Mwanangu! Mtu aliyekuwa bingwa katika madaraja manne, na unamhukumu kwa mstari ambao majaji wawili waliuandika kwa usiku mmoja? Kati ya hizo nne, ya kwanza ni ile ya Ramírez, ambaye Whitaker alimshinda bila ubishi walipokutana tena mwaka 1989. Ya pili ni dhidi ya Oscar De La Hoya mwaka 1997, pambano ambalo Whitaker alihesabiwa kumwangusha De La Hoya raundi ya tisa, na ambalo watu wanalibishania mpaka kesho. Mbili za mwisho, kwa Félix Trinidad na baadaye, zilimkuta akiwa ameshamaliza alichokuja kufanya. Ukizitazama hizo nne, unapata bondia mwingine kabisa na yule wa kwenye safu.

Msije mkageuka sasa mkamdharau Chávez, maana najua vijana mnavyopenda kuhama kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Chukueni Machi 1990, Chávez na Meldrick Taylor. Karatasi inasema Chávez kashinda kwa nokauti raundi ya 12. Haisemi kwamba Taylor alikuwa mbele kwa majaji wawili kati ya watatu, wala kwamba refa Richard Steele alisimamisha pambano zikiwa zimebaki sekunde mbili. Pia haisemi jambo la muhimu kuliko yote hayo: Taylor alishinda raundi nyingi kwa kasi ya mikono yake, na Chávez, akipoteza raundi hizo, alikuwa anamharibu uso na mwili taratibu, konde kwa konde, mpaka mwili ukakataa. Kubishana kuhusu zile sekunde mbili ni halali. Lakini anayepanga ubora lazima aone kazi ile ya raundi 11 nyuma yake. Kwangu mimi pambano hilo linampandisha Chávez kuliko ushindi wake mwingi wa raundi mbili, na pia linambakiza Taylor kwenye heshima ambayo safu ya kushindwa haimpi.

Kuhusu sifuri zenyewe: ukiona vyaelea, vimeundwa. Promota mwenye akili anaweza kumjengea kijana wake ushindi 25 bila kumkutanisha na mtu anayejua kurudisha ngumi. Sifuri ya Mayweather, ile ya 50 kwa 0, ina majina ndani yake: Corrales, Castillo, De La Hoya, Mosley, Cotto, Álvarez, Pacquiao. Fungueni kila sifuri muone majina yaliyomo.

4. Kupoteza juu ya uzito wako si sawa na kupoteza nyumbani kwako. Sugar Ray Robinson, ambaye hata leo sijaona sababu ya kumtoa namba moja wa wakati wote, alishinda mapambano 40 ya kwanza, akapoteza kwa Jake LaMotta mwaka 1943 dhidi ya mwili mkubwa kuliko wake, akarudi wiki tatu baadaye akamshinda. Walikutana mara sita, akachukua tano. Hakupoteza tena hadi Randy Turpin alipomshinda London Julai 1951, na miezi miwili baadaye akamsimamisha Turpin raundi ya kumi. Juni 1952 akapanda kumkabili Joey Maxim, bingwa wa light heavy aliyemzidi takriban kilo 7, katika uwanja wa Yankee, joto likiwa karibu nyuzi 40. Refa Ruby Goldstein alizidiwa, akabadilishwa baada ya raundi ya kumi. Robinson alikuwa mbele kwa pointi, na joto likamkalisha kwenye kigoda; raundi ya 14 hakuinuka. Ndiyo mara pekee alipopoteza kwa kusimamishwa katika maisha ya takriban mapambano 200. Alistaafu na kushindwa 19, nyingi zikiwa za uzeeni. Kijana anayepanga kwa kuhesabu safu atamkosa Robinson, na orodha inayomkosa Robinson siwezi kuipokea.

Ndiyo maana Álvarez alipopoteza kwa Dmitry Bivol Mei 2022 kwenye kilo 79.4, kosa lilikuwa kumwondoa kabisa, na kosa lingine lilikuwa kujifanya halikutokea. Ashuke kidogo. Bivol apande sana.

5. Someni masharti ya uzito kabla ya kusoma matokeo. Orlando Salido alipomshinda Vasyl Lomachenko mwaka 2014 alikuwa ameshindwa kufikia uzito na mkanda wake ukabaki mezani, na mambo hayo hayamo kwenye safu.

6. Msihesabu mikanda kama watoto wanaohesabu gololi. Henry Armstrong alishika mataji ya uzito wa unyoya, welter na mwepesi kwa wakati mmoja mwaka 1938, siku ambazo ngumi zilikuwa na madaraja manane na kwa kawaida bingwa mmoja kwa daraja. Leo madaraja ni 17, kila moja likiwa na mikanda minne mikubwa. Hiyo haimaanishi Manny Pacquiao alipewa zawadi: kutoka fly mwaka 1998 hadi super welter mwaka 2010, mataji katika madaraja manane, na njiani kuna Barrera, Márquez, Morales, Cotto na Margarito. Ulizeni mkanda ulichukuliwa kwa nani.

7. Asiyepigana mwaka mzima bila jeraha la kueleweka, ashuke.

8. Mkimaliza, kila jina liandikieni wapinzani wake watatu bora na hali yao siku ya pambano. Jina likikosa watatu, halijaiva.

Sasa chukueni orodha zenu mrudi nazo nyumbani. Kabla ya kubadilisha nafasi yoyote, kila mmoja atazame Whitaker na Ramírez wa 1988, sauti ikiwa imezimwa, ajaze kadi yake raundi kwa raundi, kisha aniletee. Nitaanza na yule atakayempa Ramírez raundi saba, na ajiandae kunionyesha ni zipi.