Pointi au kielektroniki? Kwanza tujue pikipiki inaumwa nini

Swali: Nina Honda CB350 ya mwaka 1972, bado ina pointi, yaani swichi ndogo za chuma zinazokata umeme ili cheche iruke. Ikiwa baridi inawaka kwa kiki moja tu. Nikiendesha kama nusu saa inaanza kukatakata, kisha inazima. Nikiiacha ipoe, inawaka tena vizuri. Nimeshauriwa ning'oe pointi nifunge mfumo wa cheche wa kielektroniki. Nifuate ushauri huo?

Jibu: Usinunue kitu bado, ndugu yangu. Ugonjwa unaoueleza mara nyingi hautoki kwenye pointi zenyewe, na ukifunga mfumo mpya juu yake utabaki nao.

Anza na jambo dogo kabisa. Siku nyingine ikizima, fungua kifuniko cha tangi la mafuta. Ikiwaka hapo hapo, basi kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba na mafuta hayashuki kwenye kabureta. Nimeona watu wakibadilisha nusu ya mfumo wa umeme kwa sababu ya kitundu hicho.

Kama si mafuta, angalia imepoteza cheche silinda moja au zote mbili. Pikipiki yako ina pointi mbili na koili mbili (zinazokuza umeme hadi uruke cheche), kila silinda na zake, kwa hiyo zote zikifa kwa pamoja shaka iende kwenye vitu vinavyotumika pamoja: swichi ya ufunguo, fyuzi, viungo vya nyaya. Ikifa moja, fungua mfuniko wa pointi injini ikiwa bado ya moto na ikiunguruma, utazame pointi za upande huo. Cheche ndogo ya bluu ni kawaida. Ukiona mwako mkubwa wa njano, kondensa, kile kifaa kidogo kinachozuia mwako kwenye pointi, imechoka. Pointi zikiwa shwari, badilishana koili, ya kushoto iende kulia na ya kulia kushoto. Ubovu ukihama na koili, umepata mkosaji. Na hapa ndipo ushauri uliopewa unapoharibika: vifaa vingi vya kielektroniki huendelea kutumia koili zile zile za zamani. Koili inayokufa ikipata joto itaendelea kufa.

Sasa tuseme umeshaponya hilo. Je, ubadilishe?

Pointi ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Kwenye mashine yako zinasukumwa na kamu (nundu inayozunguka) iliyo kwenye ncha ya kamshafti, shafti ya vali inayozunguka nusu ya mwendo wa injini, kwa hiyo injini ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, kila pointi hufunguka mara 4,000. Kisigino cha pointi kinachosuguana na kamu kinalika, mwanya kati ya vile vipande viwili unapungua, pointi zinachelewa kufunguka na cheche inachelewa. Ndiyo maana lazima upime mwanya, milimita 0.3 hadi 0.4, kisha upange taimingi (wakati cheche inaporuka), kila baada ya muda. Paka grisi kidogo sana kwenye kamu. Ukisahau grisi hiyo, kisigino kitakwisha mapema mno.

Mfumo wa kielektroniki hauna kisigino wala mwanya. Ukishapanga taimingi haihami, na uwashaji hubaki ule ule mwaka hadi mwaka. Kwa anayeendesha kila siku hilo ni jambo kubwa, sitalidharau. Lakini chunguza kifaa chenyewe. Vingine huacha vile vizito na springi za zamani vinavyowahisha cheche kadiri mwendo unavyoongezeka. Springi zikiwa zimelegea, taimingi itayumba vile vile hata ukiwa na kifaa kipya. Ukiamua kununua, mimi ningependa kile kinachowahisha cheche chenyewe.

Jambo la pili ni umeme. Pointi huvumilia betri dhaifu. Ukisukuma pikipiki, inaweza kuwaka. Baadhi ya vifaa vya kielektroniki huanza kurusha cheche ovyo volti zikishuka karibu na 10, na altaneta (mitambo ya kuzalisha umeme) za enzi hizo hutoa umeme mdogo injini ikiunguruma taratibu. Washa taa, pima volti kwenye koili, injini ikiwa taratibu na kisha ikiwa na mwendo. Kwenye betri, kwa mwendo wa kati, nataka kuona zaidi ya 13. Kama hazifiki, tengeneza chaji kwanza. Hakikisha pia ukinzani wa koili, unaopimwa kwa omu, unakubaliana na maelekezo ya kifaa, maana koili ya omu chache kuliko inavyotakiwa inaweza kukiunguza.

Kwa maelezo yako, ningebaki na pointi: weka kondensa mpya, safisha nyuso za pointi kwa tupa laini (msasa huacha chembe), upange taimingi kwa taa ya strobu, ile inayomulika kila cheche inaporuka. Endesha miezi kadhaa. Ukiona kupima mwanya kunakuchosha, na chaji ni nzima, funga kielektroniki bila wasiwasi. Ila sahani ya zamani inayobeba pointi usiitupe. Iache na pointi zake zikiwa zimeshapimwa, uifunge kwenye kitambaa chini ya kiti pamoja na kondensa na bisibisi. Pointi huchoka polepole na hukupa dalili. Kifaa cha kielektroniki kikifa, mara nyingi hufa ghafla, na barabarani hakitengenezeki.