Taa ya oili inawaka silensa baada ya ovahoo

Pole ndugu yangu. Kama injini imetoka ovahoo (kufunguliwa na kutengenezwa upya) juzi, na ikipata moto taa ya oili inawaka silensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) halafu ukikanyaga mafuta taa inazima, usiiendeshe kwanza. Fungua swichi ya oili, ile inayowasha taa hiyo, funga geji ya presha palepale, upime injini ikiwa ya moto. Mafundi wengi hukadiria psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Geji ikisoma vizuri, swichi ndiyo mbovu, ibadilishe. Ikisoma chini, shusha sampo (bakuli la oili chini ya injini): oringi (mpira wa duara wa kuziba) ya bomba la kunyonyea oili ikivuja, pampu huvuta hewa. Mimi nashuku zaidi beringi za krankshafti (shafti kuu ya injini). Muulize fundi kama alipima nafasi kati ya beringi na shafti kabla ya kufunga. Tafadhali usiweke oili nzito, itaficha ugonjwa tu huku beringi zikiendelea kulika.